Pima Mwenyewe: Majibu kwa Barua za Wasomaji

Barua za safari hii zimetoka pande nyingi za Uganda, Arua hadi Kasese, na karibu zote zina swali moja ndani yake: "Fulani ameniambia hivi, nimwamini?" Hatutamjibia huyo fulani. Tutaeleza namna ya kupima jambo lenyewe, kwa kalamu, kwa chupa yenye chumvi, kwa utepe wa fundi seremala, ili jibu ulione kwa macho yako. Hesabu zetu nazo zipigeni upya. Mkiona tumekosea, tuandikieni.

Pikipiki ya mkopo

*Hamjambo wahariri. Mimi ni mwendesha boda hapa Arua. Pikipiki si yangu. Namlipa mwenye pikipiki shilingi 60,000 kila wiki, na matengenezo makubwa ni juu yake. Kuna kampuni inataka kunipa mpya: natanguliza 700,000, halafu 85,000 kila wiki kwa wiki 96. Dukani, kwa taslimu, pikipiki hiyo ni 5,500,000. Wenzangu wa steji wanasema nichukue haraka, kaka yangu mkubwa anasema mkopo ni utumwa. Kwa siku naingiza 35,000 hivi, petroli inakula 12,000, nafanya kazi siku sita. Nimsikilize nani?*

Ndugu yetu, umetupa namba zote zinazohitajika, na hilo tayari ni nusu ya kazi. Chukua karatasi.

85,000 mara 96 ni 8,160,000. Ongeza kitangulizi cha 700,000, inakuwa 8,860,000. Toa bei ya taslimu, zinabaki 3,360,000. Hiyo ndiyo gharama ya kuipata pikipiki leo badala ya kungoja. Ulichokopeshwa ni 4,800,000, yaani bei ya duka ukitoa kitangulizi, kwa hiyo kila shilingi 100 uliyokopa inakudai riba ya shilingi 70 katika miezi 22.

Mtu wa kampuni atakuambia riba ni "asilimia 3 na kidogo kwa mwezi." Ukigawanya 70 kwa 22 unapata 3.2, kwa hiyo hajadanganya. Ila hesabu hiyo inakutoza riba ya mkopo mzima mpaka wiki ya mwisho, kana kwamba hujawahi kulipa hata senti, ilhali deni linashuka kila wiki. Ukiipiga juu ya deni linalobaki inakaribia asilimia 1.2 kwa wiki, zaidi ya 5 kwa mwezi. Ndiyo maana ukiuliza riba uulize pia: ni ya mkopo wa mwanzo, au ya salio linalopungua? Mfano mdogo wa kukumbuka: milioni 1 kwa miezi 10 kwa asilimia 3. Ikihesabiwa kwa mkopo wa mwanzo, riba ni 300,000. Ikihesabiwa kwa salio, huku ukirudisha 100,000 ya mtaji kila mwezi, ni 165,000. Asilimia ni ileile, pesa si zilezile.

Kuna swali moja linalofunua mkataba wowote, nalo uliulize kabla ya kutia sahihi: "Nikipata pesa nikataka kumaliza deni wiki ya 48, nitalipa ngapi?" Wakijibu 4,080,000, yaani wiki 48 zilizobaki mara 85,000, hakuna punguzo lolote kwa kulipa mapema. Kwa hesabu ya salio, deni lako siku hiyo lingekuwa karibu 3,100,000. Hapo kuna tofauti ya karibu milioni 1.

Sasa kipato. 35,000 toa petroli ni 23,000 kwa siku, 138,000 kwa siku sita. Lipa 85,000, unabaki na 53,000. Kwa kuwa pikipiki sasa ni mzigo wako, tenga angalau 2,500 kwa siku kwa oili, mnyororo, breki na tairi: unabaki na 38,000 za kula, kodi na ada za watoto. Hiyo ni wiki nzuri. Ukikosa siku moja kwa mvua au malaria, na tukihesabu matengenezo ya siku ulizofanya kazi tu, zinabaki 17,500. Ukikosa siku mbili, unaingiza 92,000, unalipa 85,000, na zile 7,000 hazitoshi hata matengenezo. Mikataba hii huvunjika katika wiki za namna hiyo, na kwa kawaida kadi ya pikipiki hubaki kwa mkopeshaji mpaka malipo ya mwisho. Kwa hiyo, kabla ya kuchukua, kuwa na akiba ya malipo ya wiki nne isiyoguswa: 340,000. Kama huna, hujawa tayari, hata steji nzima ikikupigia makofi.

Kaka yako naye tumpime. Ukibaki kwa mwenye pikipiki wiki hizo 96, utamlipa 5,760,000 na mwishoni huna hata kioo cha pembeni. Lakini tofauti ya 25,000 kwa wiki, ukiiweka kweli, inakuwa 2,400,000. Ongeza zile 700,000 ulizokuwa utangulize, una 3,100,000. Nenda ukaulize mafundi na wauzaji wa mitumba hapo Arua: pikipiki ya aina hiyo, iliyofanya kazi ya boda miaka miwili, inauzwa ngapi? Ikiwa ni juu sana ya 3,100,000, mkopo una faida kwako. Ikiwa ni chini, unalipa kwa ajili ya kuitwa mwenye pikipiki. Kumbuka tu kwamba pikipiki haiwezi kutumika kidogokidogo kwenye kilabu cha pombe, na akiba inaweza. Hilo unalijua mwenyewe kuliko sisi.

Njia ya tatu ndiyo tunayoipenda. Uliza sacco (chama cha akiba na mikopo) iliyo karibu. Kama wanatoa kwa asilimia 2 kwa mwezi kwenye salio, 4,800,000 kwa miezi 22 itakutoza riba ya 1,104,000, theluthi moja ya ile ya kampuni. Watakutaka uwe mwanachama kwa muda na uwe na akiba. Miezi sita ya kungoja kwa ajili ya zaidi ya milioni 2 si mingi.

Betri inakufa saa tatu usiku

*Nina kibanda cha duka Kasese. Sola yangu ni paneli ya wati 50 na betri ya maji ya volti 12, 50Ah. Ilikuwa inafanya kazi vizuri mpaka niliponunua televisheni ya wati 40. Sasa saa tatu usiku taa zinafifia. Fundi anasema ninunue betri kubwa ya 100Ah. Bei yake imenishtua. Mama wa duka.*

Mama, usinunue bado. Betri ni jerikani, paneli ni bomba. Maji yakiingia kidogo, jerikani kubwa haiongezi maji.

Hesabu ya sola haihitaji cheti cha ufundi. Kila kifaa, zidisha wati kwa saa kinazowaka. Tukichukulia una taa 4 za wati 5 kwa saa 5, hizo ni wati-saa 100. Simu tatu, kila moja takriban 15 kwa kujaza, ni 45. Televisheni, wati 40 kwa saa 4, ni 160. Jumla 305 kwa siku. Sahihisha kwa saa zako halisi.

Upande wa kuingia: paneli haitoi wati zake zilizoandikwa kutwa nzima. Kwa jua letu, hesabu kama saa 4 na nusu za jua kali kwa siku, kisha toa karibu theluthi kwa ajili ya joto, vumbi, waya na hasara ya betri yenyewe. 50 mara 4.5 mara 0.7 ni 157. Unatumia 305, unaingiza 157. Kabla ya televisheni ulikuwa unatumia 145, ndiyo sababu mambo yalikwenda. Fundi ameona betri imelala, akalaumu betri.

Unachohitaji kwanza ni paneli. Kufikisha wati 100 kunakupa 315, ambazo zinagusa tu. Wati 120 zinakupa 378 na nafasi ya kupumua siku ya mawingu. Betri ya 50Ah ina 12 mara 50, yaani 600, na ya maji haipaswi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo 300 kwa usiku mmoja. Inakutosha kwa shida, bila akiba ya siku ya mvua. Betri kubwa zaidi inaweza kuja baadaye, baada ya paneli. Ukianza nayo, itakuwa na njaa kila siku, na betri ya maji kama hii, yenye mabamba ya risasi, isipojaa hugandiwa na salfeti kwenye mabamba yake mpaka haishiki tena. Huenda hii uliyonayo imekwisha kuumia, na hilo linapimika.

Azima au nunua maltimita, kile kipimo cha umeme cha mkononi. Asubuhi na tena jioni saa kumi na mbili, tenganisha betri na vyote, iache muda wa saa 1 au 2, kisha weka kipimo kwenye volti za DC. 12.7 ni imejaa. 12.2 ni nusu. Chini ya 12 unaiua. Jioni, baada ya siku ya jua, isipofika 12.5, paneli haijazi. Ikifika 12.7 jioni lakini ikaanguka chini ya 12 kwa taa mbili tu za saa chache, hapo betri imechoka na fundi ana haki. Angalia pia maji kwenye vyumba vyake: yafunike mabamba, na yakipungua ongeza maji ya betri yaliyochujwa kwa mvuke. Usiongeze asidi, wala maji ya bomba.

Kabla ya kutoa shilingi ya paneli mpya, pita na utepe. Jua kali hutua kwa nguvu ya wati 1,000 hivi kwa kila mita ya mraba, na paneli nzuri hugeuza takriban moja ya tano kuwa umeme. Kwa hiyo paneli iliyoandikwa wati 100 na haifiki nusu mita ya mraba, karatasi yake inasema zaidi ya kioo chake. Zidisha urefu kwa upana hapo hapo dukani. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Mambo mawili madogo ambayo mafundi huyapita haraka. Waya: paneli ya wati 100 inasukuma karibu ampia 5.6, na kwenye waya wa milimita za mraba 1.5 wa urefu wa mita 15 kwenda na 15 kurudi, unapoteza karibu volti 2 njiani. Tumia wa milimita 4, au sogeza betri karibu. Na kivuli: tawi moja la mwembe likipita juu ya paneli huiba zaidi ya kipande kile lilichofunika, kwa sababu seli zimeungwa kwa mstari na iliyo gizani hubana zilizo juani. Ukiunga upya, betri iingie kwanza kwenye chaji kontrola (kifaa kinachosimamia kujaza betri), kisha paneli, mwisho taa. Ukifungua, kinyume chake.

Watano kwa watano

*Rafiki yangu chuoni Mbale ameniingiza kwenye kundi la simu: unaweka 50,000, unaleta watu watano, kila mmoja naye analeta watano, pesa inarudi mara nyingi. Amelipwa kweli, nimeona ujumbe. Je, ni halali?*

Usitafute kwanza kama ni halali. Tafuta kama inawezekana. Zidisha kwa tano: 5, 25, 125, 625, 3,125, 15,625, 78,125, 390,625, 1,953,125, 9,765,625. Ngazi ya 11 inahitaji watu 48,828,125. Sensa ya 2024 ilihesabu watu milioni 45.9 Uganda nzima, vichanga vya jana wakiwemo. Rafiki yako amelipwa kwa sababu pesa yake ilitoka kwa walioingia baada yake. Ujumbe ule ni wa kweli, na bado haukuambii chochote kuhusu wewe. Uliza kitu kimoja: kuna bidhaa gani au kazi gani ambayo mtu nje ya kundi angeilipia? Kama hakuna, kila shilingi ya faida ni ya mwenzako. Hata ukiwahi, utakuwa umeichukua kwa mtu uliyemleta wewe.

Mahindi: ni makavu au siyo?

*Sisi ni wakulima wanne Kiryandongo. Mnunuzi akija anauma punje moja, anasema "bado mabichi," anakata bei. Mwingine anauma punje ya gunia lile lile, anasema makavu. Tunawezaje kujua bila mashine?*

Kwa chupa na chumvi. Chukua chupa ya kioo safi na kavu kabisa, yenye kifuniko. Kaanga chumvi kwenye kikaango mpaka ikauke, iache ipoe. Chumvi yenye unyevu ndiyo inayoharibu kipimo hiki mara nyingi. Jaza mahindi theluthi moja ya chupa, ongeza vijiko vikubwa 2 au 3 vya chumvi, funga, tikisa dakika moja, kisha acha itulie dakika 15. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi yana unyevu zaidi ya asilimia 15. Ikianguka yote chini, yako chini ya 15.

Hapo wengi hukosea: kupita kipimo cha chumvi si ruhusa ya kufunga magunia. Kwa kuhifadhi, mahindi yanatakiwa yafike 13.5 au chini. Baada ya chumvi kuacha kushika, yapeni siku moja au mbili zaidi za jua kali. Na msichukue punje za juu tu. Ingizeni mkono katikati na chini ya gunia, magunia kadhaa, mchanganye.

Anikeni juu ya turubai, kamwe si ardhini, kwani udongo ndiko kuvu huishi na usiku unyevu hupanda. Unene usizidi sentimita 3, geuzeni kila baada ya nusu saa hadi saa 1, funikeni kabla ya umande. Gunia la kilo 100 linahitaji karibu mita 4.6 za mraba kwa unene huo, kwa hiyo turubai ya mita 4 kwa 5 inachukua magunia manne. Mkiwa na magunia 20 na turubai moja, mtaanika kwa rundo nene, juu yatakauka na chini yatachemka.

Sasa bei, ambayo ndiyo kidonda. Mahindi ya unyevu wa asilimia 20 yakishuka hadi 13.5, kilo 100 zinabaki kilo 92.5. Mkulima anaona kilo zimepotea, anauza mabichi. Ila hesabu inasema hivi: bei ya makavu ikizidi ya mabichi kwa zaidi ya asilimia 8, mmepata faida kwa kukausha. Mabichi yakiwa 800, makavu yanapaswa kuzidi 865. Yakinunuliwa 900, kilo 92.5 ni 83,250 dhidi ya 80,000. Kama mnunuzi anatoa 830 kwa makavu, mwambieni hesabu hiyo kwa upole, na mumwonyeshe chupa.

Pia kuna jambo lililo zito kuliko bei. Kuvu ya mahindi mabichi hutengeneza sumu iitwayo aflatoksini. Haionekani, haina ladha, na kupika posho (ugali) hakuiondoi. Huumiza ini, na kwa watoto hudumaza. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo hiyo, na malori yakalala Busia na Malaba. Punje zilizooza, zilizobadilika rangi au zilizotobolewa na wadudu zichagueni zitoke. Msiwape kuku wala ng'ombe: sumu huwadhuru, na huweza kupita kwenye maziwa na mayai mnayorudi kuyala.

Mtoto anayekariri

*Binti yangu yuko kidato cha pili, Jinja. Mtaala huu mpya unataka wafikiri, lakini nyumbani namwona anakariri tu usiku kucha. Mimi niliishia darasa la sita. Nitamsaidiaje?*

Mama, kuishia darasa la sita hapa ni faida, kwa sababu hutaweza kumpa jibu, itabidi alitafute. Mtaala wa sekondari ya chini ulibadilika 2020 na mtihani wa kwanza wa UCE, ule wa kumaliza kidato cha nne, chini yake ulifanyika 2024, kwa hiyo hata walimu wengi bado wanajifunza njia yake.

Fanya hivi mara tatu kwa wiki, si zaidi ya dakika 20. Afunge daftari, akueleze somo la siku hiyo kwa lugha ya nyumbani, bila neno la Kiingereza ambalo hawezi kulifafanua. Wewe sikiliza. Pale usipoelewa, mkatize: "Umejuaje?" Akisema "mwalimu alisema," uliza "na mwalimu angejuaje?" Dakika kumi zikiisha, afungue daftari na kuweka alama ya penseli pale alipokwama. Hapo ndipo pa kusoma usiku, kurasa zile mbili, badala ya daftari zima. Kesho yake ajiulize tena yale aliyokwama, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Kinachoshika ni kule kuvuta jibu kutoka kichwani. Kulipitisha machoni mara kumi hakumpi mengi.

Sayansi mpe atabiri kabla ya kuona. Vikombe viwili vya maji vya kiasi sawa, kimoja kimefunikwa, viwekwe dirishani siku tatu: aandike kwanza kitakachotokea na kwa nini, ndipo aangalie. Akikosea utabiri, usimcheke. Aandike alidhani nini na kilichotokea nini. Awe na daftari dogo la makosa tu. Mwezi mmoja utaona makosa yanajirudia kwa namna mbili au tatu, na hizo ndizo za kumpelekea mwalimu.

Simu inayojibu kila swali: asiiguse mpaka aandike jibu lake kwanza, hata baya. Baadaye alinganishe.

Na heshima, kwani tunajua utauliza. Mtoto aliyezoea kuuliza "umejuaje" atawauliza na wakubwa. Mfundishe maneno ya kuulizia: "Baba, naomba nieleweshe hapa." Akiuliza hivyo na jibu huna, mwambie huna.

Sahihi na dole gumba

*Mama yangu hajui kusoma. Wanataka aweke dole gumba kwenye karatasi ya kiwanja. Wameandika kwa Kiingereza. Masindi.*

Asiweke leo. Uganda ina sheria ya kuwalinda wasiojua kusoma: anayemwandikia mtu wa namna hiyo karatasi lazima aandike humo jina lake kamili na anwani yake, na kwa kuandika hivyo anachukuliwa kuwa amemsomea na kumweleza. Karatasi isiyo na jina la mwandishi irudishwe. Isomwe kwa sauti katika lugha ya mama, mbele ya mtu mliyemchagua ninyi. Kisha mama arudie kwa maneno yake kiwanja kinaishia wapi, bei ni ngapi, nani analipa lini. Akishindwa kurudia, hajaelezwa. Pigeni picha kila ukurasa, na nakala yenye sahihi zote ibaki nyumbani siku hiyo hiyo.

Mkono mmoja

*Mnahubiri kujitegemea, na wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Lakini hao hao walisema mkono mmoja haulei mwana. Sisi hapa Bombo tuna kikundi cha akiba cha watu 22. Je, tukivunje kila mtu ajitegemee? Mzee wa kikundi.*

Mzee wetu, shikamoo. Msikivunje. Methali ya kwanza inamsema anayengoja kupewa. Ya pili inawasema wanaobeba pamoja. Kikundi kinageuka kuwa cha kungoja siku ambayo ni mtu mmoja tu anayejua hesabu. Hapo 21 wanategemea, mmoja anatawala, na akiugua au akiharibika, pesa inapotea naye.

Kwa hiyo tungeuliza: siku ya kugawana, ni wangapi kati ya 22 wanaoweza kupiga hesabu ya hisa? Ni kugawanya mara moja. Tuseme hisa ni 2,000, kila mtu ananunua 1 hadi 5 kwa kila kikao, na kwa vikao 50 mmeuza hisa 3,850. Mikopo yote imerudi na sanduku lina 9,240,000. Gawanya: kila hisa ni 2,400. Aliyenunua tatu tatu ana hisa 150, aliweka 300,000, anatoka na 360,000. Mwanachama asiyejua kuandika anaweza kuhesabu mihuri ya hisa kwenye kitabu chake na kuzidisha kwa msaada wa mjukuu, usiku wa kabla ya mgao.

Sanduku liwe na kufuli tatu, funguo kwa watu watatu wa nyumba tofauti, na mtunza sanduku asiwe miongoni mwao. Mkopo usizidi mara tatu ya akiba ya mkopaji. Kila kikao kikifungwa, pesa ihesabiwe kwa sauti na wote watamke salio kwa pamoja. Kikao kijacho, kabla ya kufuli kufunguliwa, yeyote aliyeketi nyuma aulizwe salio lilikuwa ngapi. Likitofautiana na kilichomo, hakuna mkopo unaotoka siku hiyo mpaka tofauti ijulikane. Na karani abadilishwe kila mwaka, hata kama wa sasa ni mwaminifu kuliko wote, ili wa pili na wa tatu nao wajue kuandika kitabu. Aliyemaliza zamu aketi kando ya mpya kwa vikao vinne vya kwanza, bila kushika kalamu.